Sahani Iliyorudi Imeoshwa

London, 3 Oktoba 1909

Ndugu yangu Rhoda,

Hujambo huko Thurlsby? Elias wako hajambo? Na magoti ya mama yetu yanasemaje sasa mvua zimeanza? Mimi mzima, ila kikohozi cha moshi wa mji huu, ambacho kila mtu hapa anacho, kwa hiyo hakihesabiwi kuwa ugonjwa.

Kitabu cha pili kimetoka. Nimekutumia nakala mbili, moja yenu na moja ya Mzee Amos Blades, kwa sababu asipopata ya kwake ataiba ya kwenu. Najua hajui kusoma, lakini atataka kukishika. Watu wa London wanakipenda, au wanasema wanakipenda. Wiki iliyopita nilialikwa chai kwa mama mmoja tajiri, na baada ya keki akaniomba niongee kidogo "kama wale watu wako wa mabwawani." Nikaongea. Nilisema yale ambayo mama yetu humwambia jogoo akiingia jikoni. Wakacheka mpaka mmoja akamwaga chai. Na mimi nikacheka nao, kisha nikarudi chumbani kwangu nikalala na viatu miguuni. Niliona haya, Rhoda. Nilijiona kama mtu aliyempeleka mama yake mnadani.

Kuna jambo jingine linanitisha. Naanza kusahau. Juzi nilikuwa naandika habari za mwanamke anayemfokea mumewe aliyeingia na matope, nikabaki na kalamu hewani, sisikii sauti. Zamani nilikuwa nafumba macho tu nakusikia wewe ukimfokea Elias. Kwa hiyo nakuomba, kama unavyonifanyia siku zote, niandikie maneno. Yoyote yanayosemwa kisimani, mlangoni mwa kanisa, viazini. Usiyachague.

Lakini habari kubwa ni hii: nakuja. Nyumba ya marehemu baba yangu iko tupu tangu wale wazee waliopanga wahame, na Bwana Harness, mwenye mashamba na nyumba zote za huko, amekubali nikae humo wiki moja mwezi wa Novemba. Nitawasha moto mwenyewe na nitalala kwenye chumba changu kile kile chini ya paa. Nitakuwepo mtakapochinja nguruwe. Miaka minne sijanusa jiko lenu siku ile, na kila Novemba ikifika huwa nanusa hewa ya huku kama mbwa aliyepotezwa.

Msalimie mama. Mwambie mtoto wake wa kunyonya bado ana meno yote.

Ndugu yako wa ziwa moja,
Tamar


Thurlsby, 17 Oktoba 1909

Tamar, mtoro wewe,

Salamu zimefika na vitabu vimefika, kona moja imelowa. Sisi wazima. Magoti ya mama yanasema mvua, nayo husema kweli kuliko gazeti. Elias ana jipu mahali ambapo sitapataja, maana nakujua, utaliweka kitabuni.

Tumekisoma jikoni kwangu kila jioni mpaka kikaisha. Elias ndiye aliyesoma, na unajua anavyosoma, kama mtu anayevuka mto kwa kurukia mawe. Watu walijaa mpaka kwenye ngazi. Mzee Amos aliposikia yule mchinja nguruwe wa kitabuni anavyomjibu mchungaji, akapiga meza vikombe vikaruka. "Huyo ni mimi! Lakini mimi sikusema hivyo. Nilisema vibaya zaidi. Binti Odling amenitengeneza niende kanisani!" Tangu siku ile anatembea na kitabu ndani ya kofia. Mke wa Skelton ndiye aliyenuna. Anadai yule mwanamke mwenye pua ya kuchungulia ni yeye. Nikamwambia, "Jina lako halimo, mama. Pua umeileta mwenyewe."

Ila tulipofika pale pa sahani, jamani! Ulivyoieleza siku ya kuchinja, sahani za nyama zinavyotoka kwa mwenye nguruwe kwenda nyumba hadi nyumba, kitambaa juu, na kila nyumba inavyoirudisha sahani na mafuta yake vile vile, haijaguswa na tone la maji, ili nyama ya mwenyewe ishike chumvi na ujirani uendelee. Mama akasema, "Kumbe hajasahau." Akajifuta macho na aproni, akasingizia moshi. Hakukuwa na moshi.

Anasema ulikuwa ukinyonya kama ndama. Mama yako alikufa siku uliyozaliwa, basi akakuhurumia akakuweka kifuani pamoja na mimi, na mimi binti yake wa kumzaa nikawa nasubiri zamu. Wewe ulihurumiwa. Mimi nani alinihurumia? Hilo bado sijakusamehe.

Maneno unayoyataka utayapata ukija. Nilikuwa nakuandikia zamani, lakini naona mengine hayasafiri kwa posta, yanachacha njiani. Nguruwe amenenepa mpaka hawezi kujikuna. Mzee Amos atakuja mwezi ukiwa unakua, maana ukichinja ukiwa unapungua nyama hunywea kikaangoni, hilo hata watu wa London wangepaswa kulijua. Nimefagia bomba la moshi la nyumba yenu. Kulikuwa na kiota cha kunguru kikubwa kama kapu la nguo.

Njoo. Na ukija uje na njaa.

Ndugu yako, niliyeachiwa ziwa la kushoto,
Rhoda


London, 24 Novemba 1909

Ndugu yangu Rhoda,

Hamjambo? Jipu la Elias limepasuka? Nimefika salama. Nguo zangu zinanuka moshi wa jiko lenu na sizifui, nimezitundika juu ya kitanda.

Nataka nikuambie kitu ambacho sikuweza kukisema nilipokuwa huko. Siku ile uliyogonga mlango wa nyumba ya baba na sahani mkononi, ukasema tu, "Ya nyumba hii," ukaondoka zako kwenye upepo. Maini, kipande cha moyo, na mafuta ya kukaangia juu yake. Nilikaanga na vitunguu nikala nimesimama, sikuweza kungoja kukaa. Sahani hupelekewa nyumba, Rhoda, haipelekewi mtu anayepita. Tangu baba afe hakuna aliyeniita nyumba. Nililia peke yangu kama mjinga, kitunguu mdomoni.

Asubuhi yake nikaenda kisimani, baridi ikinikata vidole, nikaisugua ile sahani kwa mchanga mpaka maua yake ya bluu yakang'aa, nikakuletea mwenyewe. Uliipokea kwa mikono miwili hukusema kitu. Nilidhani umechoka, mikono yote ilikuwa na chumvi.

Lakini siku ya mwisho ilikuwa ya ajabu, na nakuuliza unieleze. Mzee Amos alinivulia kofia. Mzee Amos! Mtu aliyenitupa kwenye lundo la samadi nikiwa na miaka sita kwa sababu nilimwita mzee. Mke wa Skelton akaniambia, "Nakutakia safari njema, Bibi Odling, na ni matumaini yangu ulifurahia makazi yako." Dukani walinyamaza nilipoingia, halafu wakaanza tena kuzungumza, lakini sasa kama watu wanaosoma Injili kwa zamu. Nilicheka nikidhani wananitania. Hakuna aliyecheka nami.

Mlikuwa mnanitania?

Nauliza kwa sababu nina ombi. Bwana Harness anasema nyumba ya baba itapangishwa mwezi Machi, siku ya Mama Maria, nyumba zote zinapobadilisha watu. Naitaka. Sitaki wiki moja, nataka nihamie. Nimechoka kuishi mahali ambapo watu wananisifu na hakuna anayenijua. Lakini siwezi kuja kukaa huko kama wewe hutaki. Niandikie neno moja tu, njoo, nami nitamjibu Bwana Harness siku hiyo hiyo.

Ndugu yako wa ziwa moja,
Tamar


London, 21 Desemba 1909

Rhoda ndugu yangu,

Hamjambo nyote? Sijapata jibu. Kila posta ikija nashuka ngazi kabla mwenye nyumba hajaokota barua.

Namtumia mama shali, ni ya sufu, afunge magoti. Kama kuna mgonjwa niambie. Kama kuna jambo nimelifanya niambie zaidi. Heri ya Krismasi. Najua siku hiyo mtapika ile ngano ya maziwa, na najua nani atapigania kukwangua sufuria nikiwa sipo.

Nduguyo,
Tamar


Thurlsby, 9 Januari 1910

Kwa Bibi Tamar Odling,

Mpendwa Bibi,

Natumaini barua hii itakukuta katika afya njema. Sisi hatujambo, kwa neema ya Mungu. Napenda kutoa shukrani kwa barua zako mbili na kwa shali uliyomtumia mama yangu, ambayo ni nzuri mno. Naomba radhi kwa kuchelewa kujibu.

Tulikuwa na shughuli nyingi, kwa kuwa nyama ya mwaka huu haikushika chumvi. Mapaja yote mawili na ubavu mmoja viliharibika kuanzia mfupani na ilitulazimu kuvizika bustanini. Hali ya hewa ilikuwa ya joto isivyo kawaida.

Kuhusu nyumba, sina la kusema juu ya mipango ya Bwana Harness.

Nakutakia mwaka mpya wenye heri na mafanikio katika kazi yako.

Wako mwaminifu,
Rhoda Dring (Bibi)


London, 11 Januari 1910

Rhoda,

Sijui hata nikusalimu vipi. Mzima wewe? Mama mzima?

Nilifungua barua yako ngazini. Nilipoona "Mpendwa Bibi" niligeuza bahasha nitazame kama ni yangu. Nikaendelea kusoma mpaka pale nyama haikushika chumvi, na hapo nikakaa kwenye ngazi. Niliiosha. Mungu wangu, Rhoda, niliiosha! Nilikwenda kisimani mchana kweupe, nikaisugua kwa mchanga mbele ya madirisha ya watu wote, nikakuletea inang'aa, natabasamu. Na nilikuandikia kujisifu!

Mimi ndiye niliyeiandika kitabuni. Ukurasa mzima. Nimekitoa rafuni nikausoma tena, na hakuna nilipokosea hata neno. Lakini hapa ninapokaa, mwenye nyumba, Bi. Pargeter, amebandika karatasi ukutani: kila mpangaji aoshe sahani yake mara tu amalizapo kula. Kwa miaka mingi nimekuwa nikila na kuosha, nakula na kuosha, peke yangu. Siku ile kichwa changu kilikuwa Thurlsby lakini mikono ilikuwa bado kwa Bi. Pargeter. Kalamu ilikumbuka, mikono ikasahau. Sijitetei. Nakuambia tu ilivyokuwa.

Nguruwe wa mwaka mzima. Viazi vidogo vyote ulivyochemsha, makapi yote uliyobeba. Nilitaka kutoka nikanunue paja la nguruwe dukani niwaletee, nikaona haya kabla sijafika kwenye kona. Ni nani angelila?

Umeandika "mama yangu." Tangu lini amekuwa wako peke yako?

Nifokee, Rhoda. Nifokee kama unavyomfokea Elias, niite kila jina unalolijua, na unayajua mengi. Ila usiniite Bibi. Naweza kuvumilia mengine yote.

Tamar


Thurlsby, 20 Februari 1910

Tamar,

Hatujambo. Mama alikuwa na mafua, sasa anakula. Nimeanza barua hii nikaiacha, nikaianza tena, na leo Elias ameenda kanisani na nyumba imetulia, kwa hiyo acha niseme.

Kwanza nyama. Sisemi ni wewe. Elias ana mkono wa birika hata kwenye chumvi, na baridi haikuja mpaka Krismasi. Nguruwe wa Skelton naye alinuka kidogo na hakuna aliyeosha sahani yake. Wazee wanasema wanayosema, waache. Nilizika nyama ile nikiwa na uchungu, lakini nyama ni nyama.

Kilichoniuma ni kingine. Sahani zote siku ile alipeleka Elias. Ya kwako nilibeba mimi. Nilisimama mlangoni pa baba yako nikaona moshi unatoka kwenye bomba nililolifagia, nikasema moyoni, basi, amerudi. Asubuhi yake unaniletea kitu kinachong'aa kama cha hotelini. Wewe unajua maana yake, uliiandika. Maana yake tumemalizana, sina lako huna langu. Na ulinishukuru kwa maneno yetu hasa, yale ya jikoni, kila neno mahali pake, nami nikayasikia kama unanisomea. Nikajiuliza, huyu ni Tamar au ni yule wa kitabuni?

Nilimwambia mama. Mke wa Skelton alikuwa amekaa hapo. Unajua tena, ukimwambia mke wa Skelton hakuna haja ya kupiga kengele. Hakuna aliyeitisha kikao. Kila mtu aliamua kwake kwamba yule ni mgeni, na mbele ya mgeni tunaongea vizuri. Usidhani wanakuchukia. Wanakuheshimu. Mzee Amos anakuheshimu mpaka inatia huzuni, amekitoa kitabu kofiani amekiweka kabatini pamoja na Biblia.

Sasa la nyumba. Wiki ya mwaka mpya Bwana Harness alitusimamisha mlangoni mwa kanisa. Akaniuliza mimi, si Elias. "Huyu binti Odling, Bi. Dring, anaitaka nyumba kweli au ni wa kupita tu?" Nilikuwa natoka kuzika paja la pili. Nikamjibu, "Ni wa kupita, bwana."

Amempa kijana wa Skelton na mke wake mpya. Wanahamia Machi. Nilipopata barua yako ya ngazini nilikaa nayo siku kadhaa, kisha nikavaa kofia ya kanisani nikaenda mpaka kwake nikamwambia nilikosea. Akasema ni wema wangu kusema hivyo, lakini ameshapeana mkono na watu.

Basi na mimi nimeiosha sahani ya kwangu. Sijui nikuandikie nini zaidi.

Rhoda


London, 18 Septemba 1910

Rhoda,

Natumaini mko wazima, na mavuno yalikuwa mazuri. Mimi mwili hauna neno.

Barua yako ya Februari nimeijibu mara nyingi na kila jibu nimelichana. Nilikasirika. Siku ya Mama Maria ilipofika nilikaa dirishani mchana kutwa nikiwaona kichwani wale watoto wa Skelton wakipandisha kitanda chao kwenye ngazi ya baba yangu. Nilikuita majina ambayo nayaonea haya, na nilikuwa nayaita peke yangu chumbani, kwa Kithurlsby safi, na niligundua kwamba ndiyo mara ya kwanza kwa miezi mingi nasikia lugha ile ikitoka bila kuitafuta. Nikaanza kucheka. Halafu sikucheka.

Nilijaribu kuandika kitabu cha tatu. Wanaingia jikoni, wanavua buti, wanafungua midomo, na wote wanaongea kama mke wa Skelton alipoagana nami. Nilimpelekea mchapishaji sura chache. Akasema ni nzuri, ni safi kuliko zote nilizowahi kuandika. Nilizichukua nikarudi nazo nikazitia kwenye jiko la Bi. Pargeter, akalalamika kwamba karatasi zinaziba bomba.

Mchapishaji ana dawa. Anataka niende Thurlsby nikakae baa siku mbili tatu, nisikilize, nirudi na daftari limejaa. Nimemwambia siendi tena Thurlsby kusikiliza. Amenitazama kama mtu aliyesema haendi tena kupumua.

Rhoda, nakulaumu kwa ile nyumba, siwezi kukudanganya. Nakulaumu hasa siku za Jumapili, mvua ikinyesha. Lakini nimeipima lawama hiyo na upweke huu na upweke ni mzito zaidi. Kwa hiyo nasema wazi ninachokitaka, kwa sababu mwaka jana nilisema nataka nyumba, na kabla ya hapo nilisema nataka maneno, na vyote vilikuwa njia za kuzunguka. Nawataka nyinyi. Namtaka mama anipige kofi la mgongoni nikikaa vibaya. Nakutaka wewe. Nataka kuwa mahali ambapo nikikosea naambiwa hapo hapo kisimani, "We Tamar, una wazimu? Weka chini hiyo sahani!" Kulikuwa na watu madirishani asubuhi ile na hakuna aliyepiga kelele. Hilo ndilo linaloniamsha usingizini.

Kama nimeshakuwa mgeni na haligeuki tena, niandikie tu vile vizuri, kama Januari. Nitaelewa na sitakusumbua zaidi. Nitaendelea kumtumia mama shali.

Tamar


Thurlsby, 25 Septemba 1910

Wewe Tamar Odling, mpumbavu usiye na wa kukufanania,

Sikusalimu, na hali yako sikuulizi, umeieleza kurasa nzima na imenichosha. Barua yako ilikuja natoa mkate. Nikaanza kuisoma mkate ukaungua upande mmoja, basi hilo nalo ni juu yako.

Nimemsomea mama, pamoja na zile za nyuma zote, maana nilikuwa nimemficha. Alisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Yaani tangu mwaka jana mtoto yule yuko huko analia, na nyinyi huku mnaandikiana 'Mpendwa Bibi'? Nipe fimbo yangu." Fimbo ni ya kutembelea, lakini hakuishika kwa kutembelea. Alinianza mimi, akaja kwako, akamalizia kwa Elias, ambaye maskini alikuwa anapita tu kutafuta soksi. Mimi nilipoanza kujitetea habari za sahani akasema, "Alikuwa mtoto wa jirani au ndugu yako? Ndugu akikosea unamwambia pale pale. Wewe ulipokea kwa mikono miwili ukanyamaza. Nani aliyemfanya mgeni?"

Nikaenda kuchukua kalamu.

Kwa hiyo nakuambia sasa, nimechelewa miezi kumi lakini nakuambia. We Tamar, una wazimu? Sahani ya nguruwe unaiosha? Kwa mchanga? Mtoto wa Thurlsby aliyeandika vitabu viwili, hana akili ya kuku! Haya. Nimesema. Ningesema siku ile tungekuwa tumeshagombana, tumelia, tumekula.

Sikiliza. Kosa jingine tulilofanya ni hili. Wewe kila ukija unakuja siku ya kuchinja, na mkoba wako na viatu vya kamba. Nani haipendi Thurlsby siku ya kuchinja? Hata mchungaji anaipenda. Wazee husema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Sisi jembe hatukukupa. Basi wanawake tunaanza viazi vya Bwana Harness Jumatatu ijayo, mpaka barafu itufukuze. Nimeshamwambia msimamizi tumeongezeka mmoja. Hakuniuliza ni nani na mimi sikumwambia. Utafunga gunia kiunoni kama sisi, utavaa buti kuukuu za Elias, utaokota kwenye matope nyuma ya farasi, na jioni utashuka ngazi kinyumenyume kwa maumivu ya mgongo. Nimekupanga mstari mmoja na mke wa Skelton. Asubuhi atakuita Bibi Odling. Lakini sijawahi kumwona mtu aliyeinamia viazi akaendelea na Injili mpaka saa ya chakula, na mke wa Skelton ndiye wa kwanza kuiacha.

Sikuahidi kwamba watasahau. Mzee Amos labda atakuvulia kofia mpaka afe, ni mbishi. Na ile nyumba siwezi kukurudishia, Tamar. Ningeweza ningeibeba mgongoni nikakuletea. Kila nikienda dukani naliona dirisha lako na pazia la wale watoto, na kila mara nageuza uso. Hilo nitakuwa nalo. Ukitaka kunilaumu siku za Jumapili, nilaumu, ila njoo unilaumie hapa, nikujibu.

Utalala na mama. Amesema mwenyewe, sikumwomba. Anasema unapiga mateke tangu utoto, kwa hiyo wewe ukutani. Kuandika, andika, usiandike, shauri yako. Meza ya jikoni ina nafasi nikishamaliza kukanda unga, kabla ya hapo hapana.

Treni ya Jumamosi inaingia jioni. Hatutakuja kukupokea stesheni. Wanaopokelewa ni wageni, na tena Elias ana kazi. Njia unaijua. Ukipita pale kwa baba yako utaona taa ya watu wengine inawaka. Usisimame kutazama, chakula kitapoa.

Ndugu yako wa ziwa moja,
Rhoda